Jibu la mtaalamu: Lucia nyumbani, bila kuunguza nywele wala kukausha skonzi

SWALI: Tunaishi Göteborg, Uswidi, mimi na mume wangu na watoto watatu: binti wa miaka 10, wa kiume wa miaka 7 na mdogo wa miaka 4. Kila Desemba 13 wanaimba Lucia shuleni na chekechea, ile sherehe ya Waswidi ambayo msichana wa nguo nyeupe huongoza maandamano ya nyimbo akiwa na taji la mishumaa kichwani. Mwaka huu mama mkwe atakuwa hapa kutoka Tanga na watoto wanataka kumfanyia Lucia nyumbani, asubuhi ileile. Binti anataka taji la mishumaa ya moto kabisa, na kichwani amesuka rasta. Skonzi za zafarani nilizooka mwaka jana zilikuwa kavu kama matofali kufika jioni. Isitoshe sisi ni Waislamu, sijui tuchukue kipi na tuache kipi. Naomba nielekezwe tangu mwanzo. — Mama wa watatu, Göteborg

JIBU: Dada, nianze na taji kwa kuwa ndilo lenye hatari. Mengine yote yakiharibika mtacheka na maisha yataendelea.

Mishumaa ya moto juu ya rasta: hapana, hata kwa dakika moja ya picha. Nywele za kusukia nyingi ni za plastiki. Zikipata moto huyeyuka, hudondoka zikiwa bado zinawaka na kuganda kwenye ngozi, na huwezi kuzipangusa kwa mkono. Mafuta ya nywele na dawa za kupuliza huongeza kasi. Hata kama binti angefumua rasta, ushauri wangu usingebadilika, maana mtoto wa miaka 10 hawezi kutembea, kuimba na kulinda moto wa kichwani kwa wakati mmoja.

Mwambie pia kwamba hatakuwa amepunjwa. Shuleni na chekechea za Uswidi taji la betri ndilo la kawaida. Mishumaa ya moto imebaki kwa watu wazima, hasa kwenye kwaya na makanisani, na wao hujipanga: kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji hufunika nywele chini ya taji, kila mshumaa una kisahani cha kukinga nta, mishumaa huwashwa mwisho kabisa mlangoni, na mtu mmoja husimama karibu na taulo bichi. Na bado nta hudondoka. Mtu akitembea, upepo hulaza moto upande mmoja, nta ya upande ule huyeyuka kuliko utambi unavyoweza kuinywa, ikafurika.

Kwa hiyo nunua taji la betri, na dukani angalia vitu viwili. Kwanza, kifuniko cha betri kifungwe kwa skrubu. Mataji mengine hutumia betri bapa za mviringo kama za saa, na kwa nyumba yenye mtoto wa miaka 4 hizo ni hatari kuliko mshumaa wenyewe: ikimezwa na kukwama kooni, inaweza kuunguza koo ndani ya saa chache. Ukihisi kameza, piga 112 papo hapo, usisubiri dalili. Pili, chagua taa za rangi ya joto, yaani manjano kidogo. Taa nyeupe ya ubuluu gizani humfanya Lucia aonekane mgonjwa.

Mataji mengi ya dukani hayakutengenezwa kwa kichwa chenye rasta. Duara lake hurekebishwa, lakini likikazwa juu ya rasta zilizolegea huteleza mbele kila mtoto anapoinamisha kichwa. Zikusanye rasta zote ufunge fundo moja chini, karibu na kisogo, ili juu pawe tambarare. Zungushia duara la taji ukanda wa pamba nyeupe ili lishike, kisha pitisha vibanio viwili kila upande, kibanio kikamate ukanda na rasta pamoja. Mjaribishe siku moja kabla kwa robo saa nzima. Taji linalobana halisemi mapema; maumivu huanza baada ya dakika kumi, yaani katikati ya wimbo. Mkitaka liwe la Kiswidi kamili, zungushieni matawi ya lingon, ule mmea mfupi wa msituni wenye majani magumu ya kijani.

Sasa hilo la dini. Lucia alikuwa msichana Mkristo wa Sirakusa, kisiwani Sicilia, aliyeuawa mwaka 304 katika mateso ya Kaisari Diocletian. Masimulizi yaliyokuja baadaye yanasema aliwapelekea chakula Wakristo waliojificha chini ya ardhi, taa akiivaa kichwani ili mikono yote miwili ibebe chakula. Lakini desturi ya Uswidi imechota kidogo tu kwake. Katika kalenda ya zamani, usiku wa kuamkia Desemba 13 ulihesabiwa kuwa mrefu kuliko usiku wote wa mwaka. Wakulima waliuogopa: viumbe wasioonekana walitembea, mifugo ilisemekana inaweza kuzungumza, na kazi za kupura nafaka zilitakiwa ziwe zimekwisha. Watu walikesha na kula vizuri kabla hakujakucha. Uswidi ilipobadili kalenda mwaka 1753, usiku mrefu ulihamia karibu na Desemba 21 lakini sherehe ikabaki na tarehe yake. Msichana wa nguo nyeupe na mishumaa ameandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1764, katika nyumba ya kitajiri mkoani Västergötland, jirani kabisa na hapo mlipo. Nchi nzima iliiga baadaye sana, hasa baada ya gazeti moja la Stockholm kuendesha shindano la kumtafuta Lucia wa mji mwishoni mwa miaka ya 1920.

Kanisa la Uswidi ni la Kilutheri na haliwaombi watakatifu. Lucia ya nyumbani haina ibada: ni mwanga, nyimbo na kahawa. Zipo familia za Kiislamu zinazoshiriki zote, zipo zinazobakiza skonzi na mwanga tu, na zipo zisizoshiriki kabisa. Uamuzi huo ni wenu na wala si wa shule. Kama maneno ya nyimbo ndiyo yanayowatatiza, yasomeni kwanza. "Nu tändas tusen juleljus" inaitaja nyota ya Bethlehemu, wimbo wa Lucia wenyewe unamwita mtakatifu, ilhali "Tre pepparkaksgubbar" ni biskuti tatu za umbo la mtu zinazotembea, basi. Muziki wa wimbo wa Lucia, kwa taarifa yako, ulitoka Napoli, ukachapishwa mwaka 1849 na Teodoro Cottrau. Huko ni wimbo wa mashua na bahari tulivu. Waswidi ndio walioupa usiku wa majira ya baridi.

Nguo hazina gharama. Lucia huvaa gauni jeupe refu la pamba na utepe mwekundu kiunoni. Mita mbili za utepe zinatosha mtoto wa miaka 10, fundo likae ubavuni na ncha zining'inie. Kijana wako avae kanzu yake ya Idi. Nasema kweli: kijana wa nyota, stjärngosse, huvaa vazi jeupe refu lililonyooka, na kanzu ya pamba imeshonwa vizuri kuliko mengi ya yale ya dukani. Ipime kwenye kifundo cha mguu. Ikifika sakafuni, ikunje na uipige bandi, kwa sababu watoto huanguka kwa kukanyaga pindo na si kwa giza.

Kofia yake ndefu iliyochongoka juu itengenezeni wenyewe. Chukua karatasi ngumu nyeupe ya sentimita 50 kwa 70. Funga uzi kwenye penseli, shikilia ncha ya pili katikati ya ukingo mrefu, na kwa uzi wa sentimita 45 chora tao. Pima sentimita 56 juu ya tao hilo, piga mistari miwili kurudi kwenye ncha, kata, kunja na gundisha kwa kupandisha sentimita 2. Hapo una kofia ya kichwa cha sentimita 54. Pima kichwa cha mwanao na uongeze au upunguze urefu wa tao tu. Bandika nyota tatu za dhahabu, tia mpira wa kupita chini ya kidevu, na nyota kubwa ya karatasi juu ya fimbo. Kosa la kawaida ni kukata nusu duara: kofia inatoka fupi na pana.

Huyo wa miaka 4 mpe uhuru. Awe tomte, yule mzee mdogo wa kofia nyekundu, akiwa na taa ya mkononi ya betri, au pepparkaksgubbe mwenye nguo za kahawia zilizochorwa mistari myeupe. Watoto wa umri huo hubadili mawazo asubuhi yenyewe, kwa hiyo usimshonee chochote. Nyuzi za kumetameta wanazojizungushia kichwani na kiunoni ni plastiki nyembamba. Zikivaliwa, basi nyumba nzima isiwe na mshumaa wa moto usawa wa watoto.

Nani awe Lucia? Zamani ilikuwa binti mkubwa wa nyumba. Siku hizi shule nyingi hupiga kura ya bahati, na wavulana wamo. Mkiona vita vinanukia, fanyeni maandamano mara mbili, mara ya kwanza kwa bibi na ya pili kwa baba, taji likibadili kichwa katikati.

Twende jikoni, ambako ndiko kwenye kazi. Skonzi hizi, lussekatter, zinakauka kwa sababu nne, na mara nyingi zote hukutana: unga umezidi, maziwa yalikuwa ya moto au baridi mno hamira ikafanya kazi nusu, zimekaa ovenini dakika mbili tatu zaidi, na zimeachwa wazi mezani. Watu huilaumu zafarani. Mimi ningeulaumu mkono unaoongeza unga.

Vipimo vya skonzi kama 34: maziwa nusu lita, siagi gramu 150, kesella gramu 250 (yale maziwa mazito ya mgando ya kwenye kopo), hamira mbichi donge moja la gramu 50, sukari desilita 1 na nusu, chumvi nusu kijiko cha chai, zafarani gramu 1, na unga wa ngano kati ya gramu 900 na kilo moja. Pembeni uwe na yai moja la kupaka na kiganja cha zabibu kavu. Dukani hamira chukua iliyoandikwa "för söta degar". Hiyo inavumilia sukari. Hamira ya kawaida itafanya kazi lakini polepole, kwa sababu sukari nyingi huvuta maji na kuinyima. Ukikosa kesella, mtindi mzito uliochujwa kwenye kitambaa saa mbili unafaa.

Zafarani ya Uswidi huuzwa katika vipakti vya gramu 0.5, vingi vikiwekwa kwenye kaunta ya keshia kwa sababu ni ghali na ni rahisi kutiwa mfukoni. Vipakti viwili ndivyo dozi ya donge zima. Usizidishe ukidhani unaboresha: ikipita kiasi inaleta uchungu unaofanana na dawa. Kama kuna ndugu Muscat au Dubai anayewaletea zafarani ya nyuzi, hiyo ni bora, ila itwangwe. Tia nyuzi kwenye kinu kidogo pamoja na kijiko kimoja cha sukari. Punje za sukari ndizo zinazosaga, nyuzi peke yake huteleza tu chini ya mchi.

Halafu hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Mapishi ya Kiswidi mara nyingi husema loweka zafarani kwenye konyagi ya zabibu au pombe nyingine kali usiku kucha. Huhitaji. Rangi ya zafarani inayeyuka katika maji, na mpishi yeyote wa biriani wa Pwani analijua hilo kwa macho. Pasha vijiko vinne vya maziwa mpaka yatoe mvuke, usichemshe, mimina juu ya zafarani iliyotwangwa, funika na uache angalau nusu saa, ikiwezekana usiku mzima kwenye friji. Ukiimwaga kavu ndani ya unga utapata vidoadoa vyekundu na skonzi zilizopauka. Ukiitia kwenye siagi iliyoyeyuka, rangi haitoki. Na manjano isikushawishi. Utapata rangi bila harufu, na mtoto wa chekechea wa Göteborg atagundua kwa kuuma mara moja.

Toa kesella kwenye friji saa moja kabla. Hili linapuuzwa mno. Ukipasha maziwa na siagi mpaka nyuzi 37 kama inavyotakiwa, kisha ukatumbukiza robo kilo ya kesella ya baridi, mchanganyiko wote hushuka hadi karibu nyuzi 28, na hamira inasinzia. Unasubiri saa nzima, donge halijapanda, unakata tamaa na kuoka. Hizo ndizo skonzi nzito.

Yeyusha siagi, mimina maziwa, pima joto. Bila kipimajoto, tumbukiza kidole: usisikie moto wala baridi. Vunjavunja hamira kwenye bakuli kubwa, mwagia maziwa hayo kidogo uikoroge mpaka iyeyuke, kisha yaliyobaki, maziwa ya zafarani, kesella, sukari na chumvi. Sasa tia unga gramu 900 na ukande. Mashine dakika 8 hadi 10 kwa mwendo wa polepole; mkono robo saa. Dakika tano za mwanzo donge litanata kila mahali na litakutia hofu. Usiongeze unga bado, subiri. Ngano inahitaji muda kunywa maji, na kadiri unavyokanda ndivyo donge linavyojikusanya na kuachia bakuli. Likiwa bado linatawanyika baada ya dakika kumi, ongeza vijiko viwili viwili. Donge zuri linanata kidogo kidoleni na lina mng'ao. Likiwa kama la chapati, umeshazidisha.

Funika kwa taulo, acha dakika 45 hadi saa moja mpaka liwe mara mbili. Jiko la Desemba lina ubaridi, kwa hiyo liweke ndani ya oveni iliyozimwa na taa yake ikiwaka. Kisha kata vipande vya gramu 60 ukitumia mizani. Macho hudanganya, na skonzi zisizolingana haziivi pamoja: ndogo imekauka wakati kubwa bado mbichi. Viringisha kila kipande kiwe kamba ya sentimita 25 hadi 30. Ikirudi fupi kila ukiivuta, iache ipumzike dakika tano, ushughulikie nyingine. Usinyunyize unga mezani. Mguso wa mafuta unatosha. Kunja ncha moja kulia na nyingine kushoto, kila moja kuelekea katikati, upate herufi S yenye makunjo mawili mviringo. Kazi hii watoto wanaiweza kabisa, na wa miaka 4 apewe kazi ya zabibu.

Zabibu zilowekwe maji ya moto robo saa na kukaushwa. Zikitiwa kavu huungua na kuvuta unyevu wa skonzi. Zichomekwe katikati ya kila kunjo, na kwa nguvu, mpaka kidole kiguse karibu na trei. Zinazowekwa juujuu hutupwa nje skonzi ikivimba, ukakuta trei imejaa zabibu nyeusi na skonzi zenye macho matupu. Acha ziumuke tena nusu saa chini ya taulo, chomeka zabibu mara ya pili kwa zilizoinuka, paka yai lililopigwa na chembe ya chumvi.

Oveni nyuzi 225, trei ya katikati, dakika 7 hadi 9. Usiondoke. Tofauti ya skonzi laini na skonzi kavu ni dakika mbili, na oveni za nyumba za kupanga zina tabia zake. Kwa hiyo oka trei ya kwanza na skonzi nne tu za majaribio. Zitoe zikiwa na rangi ya dhahabu juu na kahawia hafifu chini; kipimajoto cha nyama kikichomwa katikati kisome kama nyuzi 94. Zipoze juu ya wavu zikiwa zimefunikwa taulo, ili mvuke urudi kwenye ganda.

Na la mwisho kuhusu ukavu: skonzi hizi hubadilika siku hiyohiyo. Friji huharakisha, haizuii. Okeni Desemba 11 au 12, na zikipoa tu zitieni kwenye mfuko na friza. Usiku wa kuamkia tarehe 13 toa zile mtakazokula, ziache ndani ya mfuko mezani. Asubuhi zifunike karatasi ya foili na uzitie oveni ya nyuzi 150 dakika nne tano. Mgeni hatajua hazikuokwa alfajiri.

Biskuti za viungo, pepparkakor, nunua donge tayari dukani. Sioni sababu ya kujichosha mara mbili. Sukuma unene wa milimita 2 au 3, donge likiwa baridi, oka nyuzi 200 dakika nne tano. Viungo vyake ni tangawizi, mdalasini, karafuu na mara nyingine iliki, kwa hiyo mama mkwe huenda akazipenda kuliko skonzi. Glögg, kile kinywaji cha moto chenye viungo, isomwe lebo kwa makini. Inayouzwa supamaketi inaweza kuwa na kilevi cha asilimia 2 na ushei hata kama chupa ina picha ya kitoto. Tafuta neno "alkoholfri", yaani bila kilevi. Ipashwe bila kuchemka, na kikombeni zabibu na lozi zilizomenywa. Peremende laini za Krismasi za rangi ya waridi na nyeupe nyingi zina jelatini ya nguruwe, basi kagua na hizo. Ila kinywaji cha asubuhi ya Lucia ni kahawa kwa wakubwa na kakao kwa watoto. Glögg inaweza kungoja jioni.

Asubuhi yenyewe. Desemba 13 si sikukuu ya mapumziko, watoto wana shule kama kawaida ikiangukia siku ya kazi. Göteborg jua huchomoza kama saa 2:45 asubuhi na linazama kabla ya saa 9:30 alasiri, kwa hiyo giza mnalo la kutosha. Mtu mzima mmoja aamke saa 11:45 alfajiri: oveni, kahawa, kakao. Watoto waamshwe saa 12:10, wavae, waende haja. Saa 12:30 mko mlangoni, na kabla ya saa 1 mmeshamaliza. Saa 1 kamili televisheni ya taifa, SVT, hurusha tamasha la Lucia kila mwaka, mnakula mkilitazama.

Kuna tatizo moja dogo. Lucia huja kuwaamsha waliolala, na bibi wa Tanga wakati huo ameshaamka zamani, ameswali, na pengine yuko jikoni anauliza chai iko wapi. Mwambieni usiku kwamba abaki chumbani mpaka asikie nyimbo, na taa aizime. Msimweleze zaidi.

Giza ndilo linalobeba shughuli nzima. Zimeni taa za ukumbini, jikoni, televisheni, simu. Kinara cha umeme cha dirishani au nyota ya Adventi vinaweza kubaki. Dakika mbili gizani, macho yakizoea, zinatosha kulifanya taji la taa tano lijaze chumba. Taa moja ya ukumbini ikisahauliwa, taji hilohilo linaonekana kama kitu cha kuchezea. Ndiyo maana mnaanza kuimba kabla mlango haujafunguliwa: sauti itangulie, mwanga ufuate.

Lucia mbele, kijana wa nyota nyuma yake, tomte mwisho. Waingie kwa wimbo wa Lucia, hatua moja kwa kila pigo la polepole. Watoto hukimbia, kwa hiyo mfanyieni mazoezi ukumbini mara mbili tatu. Wakisimama, kijana aongoze "Staffan var en stalledräng", ambao ni wimbo wa vijana wa nyota tangu zamani, kisha mdogo apewe "Tre pepparkaksgubbar". Beti mbili mbili zinatosha. Watoke kwa wimbo ule wa kuingilia, au wakae kitandani kwa bibi na kula. Dakika kumi zote, zisizidi.

Sinia la Lucia liwe na skonzi na biskuti tu. Kahawa ya moto ibebwe na mtu mzima anayefuata nyuma, ikiwa kwenye chupa ya chai yenye kifuniko. Mtoto mwenye taji haangalii miguu yake, na sakafu ya alfajiri huwa na viatu na vikaragosi. Mkipiga picha, zimeni mwanga wa kamera. Binti akitaka moto wa kweli lazima, mshumaa mmoja wa stearini uwekwe mezani, kwenye kisahani kizito, mbali na mapazia na nyuzi za kumetameta, nawe ukae karibu nao. Desemba ndio mwezi wa moto wa mishumaa majumbani Uswidi, kwa hiyo bonyeza kitufe cha king'ora cha moshi wiki ileile uone kama kinalia.

Nta ikidondokea zulia au kanzu, iache igande, ibandue kwa ubapa wa kisu, halafu weka karatasi ya kahawia juu na upitishe pasi ya moto mdogo, karatasi inywe iliyobaki. Kwenye rasta usitumie pasi wala mashine ya kukaushia nywele. Bonyeza barafu mpaka nta iwe ngumu, ivunjevunje kwa vidole, mabaki yatoke kwa mafuta ya nazi.

Skonzi zitakazobaki siku ya pili zikateni vipande vya unene wa kidole, mzikaushe oveni ya nyuzi 100 kwa saa moja hivi, mlango ukiwa wazi kidogo. Zinakaa wiki kadhaa kwenye kopo na zinafaa sana kwa chai ya maziwa. Na betri zitoeni kwenye taji kabla ya kulihifadhi, kwa sababu zikivuja ndani ya sanduku mwaka mzima taji haliwaki tena.